Pride Nairobi: njia nne za kusikiliza watu kabla ukumbi haujalipiwa

Mara nyingi Pride ya Nairobi, siku ya kuwaadhimisha watu wa LGBTQ (wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao), huanzishwa na watu wachache wanaoipenda jamii yao kwa dhati. Wanachagua tarehe, wanatafuta ukumbi, wanaandika bajeti, halafu wanawaita wengine watoe maoni. Kufikia hapo maswali mazito yashajibiwa bila wenyewe kuwepo. Ukumbi ukiwa Kilimani, msichana wa Dandora ameshaambiwa ajue atakavyorudi usiku na nauli ataitoa wapi. Bango likishatoka likiwaalika watu waje kupiga picha, yule ambaye kwao hawajui ameshaambiwa asije.

Njia za kuwasikiliza watu mapema zipo, na hapa mjini hutumika hasa nne: baraza la jamii nzima, mikutano ya vikundi vidogo mitaani, fomu ya kujaza kwenye simu, na kamati ya wawakilishi wa mashirika. Nazilinganisha kwa maswali matatu. Nani anafika? Akishafika, nani anazungumza? Na akishaondoka, ni kitu gani kinabaki nyuma chenye jina lake? Swali hilo la tatu ndilo nitakalolirudia mara nyingi, kwa sababu katika jiji hili ndilo linaloamua nani atakuja na nani atakaa kwake.

Sheria inatuwekea mipaka gani

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono inayoitwa kinyume na maumbile, na kifungu cha 165 kinaweka miaka 5 kwa wanaume wanaofanya kile kinachoitwa matendo machafu baina yao. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Lakini vyote vinahusu tendo. Hakuna kifungu kinachokataza watu kukutana, kula pamoja, kucheza muziki au kukumbuka wenzao waliokufa. Ibara ya 36 ya Katiba inalinda haki ya kujumuika, na Ibara ya 37 inalinda haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura za majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kukataa kulisajili shirika la watetezi wa haki za watu wa LGBTQ kulikuwa ubaguzi.

Ukitaka kutoka nje ya kuta, kuna Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Kifungu cha 5 kinamtaka anayeandaa mkutano wa hadhara au maandamano ampe OCS, mkuu wa kituo cha polisi cha eneo hilo, taarifa, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla. Taarifa hiyo hutaja jina kamili la mwandaaji, anapopatikana, mahali au njia itakayopitwa, na saa, ambazo lazima ziwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni. Maana yake, Pride ya barabarani inahitaji mtu mmoja akubali jina lake liandikwe kituoni. Mtu huyo ana mwenye nyumba, ana mwajiri, pengine ana mama kanisani. Hakuna njia ya kushauriana inayofaa kama haianzii kwa kuuliza nani yuko tayari kwa hilo, na nani atamsimamia likimgeukia.

Baraza na vikundi vidogo

Baraza lina heshima yake. Watu wanaonana uso kwa uso, wanasikia pingamizi la wenzao, na uamuzi ukipita hakuna anayeweza kusema ulipikwa jikoni. Kwa jambo linalohitaji ridhaa ya wengi, mfano kama tuandamane au tusiandamane, sioni linalolishinda.

Ila tazama nani anafika. Ukumbi salama mara nyingi hupatikana upande wa Kilimani, Lavington au Westlands. Anayetoka Kayole hupanda matatu mbili, na jioni ya mvua akiwa kwenye jemu ya Jogoo Road hafiki kabla ya ajenda ya pili. Kisha kuna lango. Majengo mengi ya Nairobi huweka mlinzi mwenye daftari: andika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kwa nani. Kwa mwanamke aliyebadili jinsia ambaye kitambulisho chake kina jina la kiume, mkutano unaanzia hapo langoni, mbele ya foleni, kwa maswali. Jambo la majina si dogo nchini mwetu. Audrey Mbugua alilazimika kwenda hadi Mahakama Kuu, iliyotoa amri mwaka 2014, ndipo Baraza la Mitihani libadili jina kwenye cheti chake cha shule. Mkimbizi naye hana kitambulisho cha Kenya. Ana karatasi ambazo mlinzi huenda hajawahi kuziona, na simu moja kwa kituo cha polisi inaweza kumgharimu.

Hata nauli ina mtego wake. Waandaaji wema hurudisha nauli kwa M-Pesa, na ujumbe wa M-Pesa unamtaja mpokeaji kwa jina alilosajilia laini. Mweka hazina anabaki na orodha ya majina halisi, tarehe na kiasi, katika simu inayoweza kuibwa kesho Tom Mboya Street. Toa nauli mkononi. Ni usumbufu kwenye hesabu, lakini wafadhili wanaweza kuelezwa.

Na akishafika, nani anazungumza? Baraza la watu wengi hupenda mwenye Kiingereza cha ofisini. Mwenye Sheng husubiri, mwenye Luganda au Kinyarwanda husubiri zaidi. Wanawake wanaopenda wanawake hukaa nyuma wakiwaacha wanaume wapange muziki na vinywaji, kisha siku yenyewe hawaonekani, halafu watu wanauliza kwa nini wanawake hawaji.

Vikundi vidogo hugeuza mambo hayo. Wapangaji ndio wanaopanda matatu. Wanakwenda Kawangware kwa watu wanane, Rongai kwa wakimbizi wanaoishi nyumba moja, Mathare, Kayole, Ngara. Mwenyeji anawajua wageni wake, hakuna daftari langoni, na lugha ni ile ya watu waliopo. Katika chumba cha watu sita mtu husema lile ambalo asingelisema mbele ya sitini: kwamba ana mtoto na hana wa kumwachia, kwamba anaogopa wanaume walevi, hata wa jamii yake mwenyewe, kwamba mwaka uliopita picha yake ilizunguka WhatsApp na akahama ploti.

Gharama yake ni muda na uvumilivu. Wiki nyingi, jioni nyingi, na mwisho wake unabaki na madaftari yenye maoni yanayopingana. Kikundi kidogo hakiamui kitu. Kinakuambia tu hali ilivyo. Pia kinamtegemea mwenyeji. Akiwa mbabe, atakuletea watu wake. Kwa hiyo katika kila mtaa tafuta wenyeji wawili wasio marafiki wa karibu.

Nikiambiwa nichague moja kati ya hizi mbili, nachagua vikundi vidogo, na Johannesburg inanipa sababu. Pride yao ya kwanza, tarehe 13 Oktoba 1990, iliandaliwa na wanaharakati kama Simon Nkoli na Beverley Ditsie wakati ubaguzi wa rangi bado ulikuwa sheria. Waliohofia kutambuliwa walivaa mifuko ya karatasi kichwani iliyotobolewa macho. Yaani kulikuwa na nafasi hata kwa aliyeogopa. Miaka ilipita, maandamano yakahamia Rosebank, mtaa wa wenye nacho, na wanawake Weusi wa vitongojini wakaona si yao tena. Soweto Pride ilikuwa imeanza tangu 2004. Tarehe 6 Oktoba 2012 wanawake wa kampeni ya One in Nine walilala barabarani mbele ya maandamano wakiomba dakika moja ya kimya kwa ajili ya wenzao waliouawa kwa chuki. Walisukumwa na kutukanwa na wenzao. Aprili 2013 bodi iliyoandaa Joburg Pride ilivunjwa. Dakika moja! Mtu angekwenda Soweto mapema na kukaa sebuleni na wanawake wale, angeambiwa jambo hilo kabla halijafika lami.

Nairobi nasi tulishaonyesha kwamba uso si sharti la kushiriki. Februari 2014, wanaharakati walipokusanyika nje ya Ubalozi wa Uganda kupinga mswada wa huko dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, wengi walivaa barakoa. Kila mpango wa Pride hapa uwe na nafasi ya aina hiyo, na wanaojua iwe vipi ni wale watakaoivaa.

Makundi yanayosahaulika hata katika vikundi vidogo

Huntha. Sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza na kupata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 inawataja watoto wa huntha na kuwalinda. Njia yao kisheria imepitia hospitali, vyeti vya kuzaliwa na haki za watoto. Wapo wanaojiona ndani ya Pride, wapo wasiotaka kabisa kuwekwa chini ya upinde wa mvua, wakihofia kwamba chuki inayotukuta sisi itaharibu walichokwisha kupata. Usiongeze tu herufi yao kwenye bango. Waulize, na wakisema hapana, iheshimu hapana yao.

Wakimbizi nimeshawataja. Niongeze kwamba wao si wageni wa kukaribishwa chai. Wengi walikuja baada ya sheria ya Uganda ya 2014, wengine baada ya ile ya 2023, na Juni 2018 wenzao walioko Kakuma waliandaa Pride yao wenyewe kambini, vitisho vikafuata. Wanajua usalama kuliko wengi wetu. Anayepanga Nairobi bila wao ananyima mkutano watu wenye ujuzi anaouhitaji.

Viziwi wanahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na mkalimani huyo wamchague wao. Jamii ya viziwi inajuana. Mkalimani asiye na siri anaweza kumfichua mtu kwa jirani zake wote. Mwenye kiti cha magurudumu aulizwe kabla ya kutafuta ukumbi, kwa sababu nyumba nyingi za Kilimani zinazokodishwa kwa sherehe zina ngazi mlangoni na choo chembamba.

Waislamu, hasa wa upande wa Eastleigh na Pangani, waulizwe tarehe. Idd-ul-Adha iliangukia Juni miaka mitatu mfululizo: tarehe 28 mwaka 2023, tarehe 16 au 17 mwaka 2024, tarehe 6 mwaka 2025. Na Juni ya Nairobi sasa ina jambo jingine. Tangu tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha na wengine wakapigwa risasi, wiki hiyo ya mwaka ni ya maombolezo na maandamano, katikati ya jiji hufungwa, matatu hazifiki. Wengi wetu tulikuwa kwenye barabara hizo. Kufanya karamu wiki hiyo bila kuuliza ni kuwaumiza watu wenu. Juni inafuata kumbukumbu ya Stonewall, baa ya New York ambako watu waliwapinga polisi waliowavamia usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, si amri. Kuna tarehe 17 Mei, siku ambayo mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa. Kuna tarehe 20 Novemba ya kuwakumbuka watu waliobadili jinsia waliouawa. Kuna Agosti pia, shule zikiwa zimefungwa.

Fomu ya simu

Fomu ni rahisi, ya haraka, na mwenye haya huisema shida yake bila kutazamwa. Wa Mombasa na Kisumu wanaotaka kuja nao huweza kusikika. Faida zake haziendi mbali zaidi ya hapo.

Hasara yake ni kwamba idadi hudanganya. Kiungo kikitumwa katika makundi ya WhatsApp ya marafiki, majibu mengi yatatoka kwa marafiki, wenye bando. Kikivuja nje, utajaziwa matusi. Na kila kilichojazwa kinabaki. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaweka mwelekeo wa kimapenzi wa mtu miongoni mwa taarifa nyeti, na anayezikusanya anawajibika kwazo. Kwa hiyo usiulize jina, barua pepe wala namba ya simu. Usiulize mtaa kwa undani. “Upande wa Eastlands” inatosha. Amua mapema siku ya kuifuta, na uwaambie watu. Kura ya WhatsApp ni mbaya zaidi, kwa sababu kila aliye kundini anaona namba ya mwenzake na alichochagua.

Fomu itumike mwisho, kupima kati ya mambo mawili ambayo vikundi vimeshayaleta: Jumamosi au Jumapili, mchana au jioni. Ukianza nayo, utapata majibu ya maswali uliyoyatunga wewe.

Kamati ya wawakilishi

Mashirika yetu yamezeeka vizuri. GALCK, muungano wa mashirika ya watu wa LGBTQ nchini, ipo tangu 2006, na kati ya mashirika yaliyopo kuna yanayojua wakili gani apigiwe usiku wa manane, kituo gani cha polisi kina afisa anayesikiliza, na kliniki gani itampokea mtu aliyepigwa bila kumhoji. Kikundi cha sebuleni Kawangware hakina hayo. Kamati pia huweza kutia sahihi mkataba wa ukumbi na kujibu kwa mfadhili.

Udhaifu wake ni kwamba mwakilishi huja na mzigo wa ofisi yake. Ana ripoti ya kuandika, ana nembo ya kuweka bangoni, na tangu Marekani isimamishe misaada ya nje Januari 2025 ana wasiwasi wa mishahara. Hapo kazi ya kwenda mitaani ndiyo hukatwa kwanza, maana haionekani kwenye picha. Usidhani kituo kilichowapa chumba cha bure mwaka juzi bado kinaweza. Na watu wasio na shirika, ambao ndio wengi, hawana mtu mezani.

Ninachokiona kinafaa ni kamati ndogo ambayo nusu ya viti vyake ni vya watu waliotumwa na vikundi vya mitaani, wanaolipwa nauli na muda wao kama wataalamu wengine wanavyolipwa. Na kuna maamuzi mawili ambayo watu hao wawe na uwezo wa kuyazuia hata wakiwa wachache: mahali, na picha. Wakisema pale hapana, iwe hapana. Kwa mengine, kura ya wengi itoshe. Najua wapo wenzangu wanaoona hili linawapa wachache nguvu kupita kiasi. Lakini likiharibika, anayepoteza nyumba ni yule wa mtaani, kwa hiyo uzito wa kauli yake ulingane na hatari anayoibeba.

Vipi kuhusu majirani, chifu na Nyumba Kumi?

Swali hili huulizwa sana na watu wa nia njema: kushirikisha jamii si pamoja na jamii inayotuzunguka? Jibu langu ni hapana kwa maana ya ruhusa. Hatuombi kibali cha kuwepo kwetu kwa mtu yeyote. Lakini wapo watatu wa kuzungumza nao waziwazi: mwenye ukumbi, mlinzi wa lango, na madereva watakaowarudisha watu nyumbani. Mwenye ukumbi aliyedanganywa kwamba ni harusi anaweza kuwatoa watu nje saa tatu usiku, wakiwa wamevaa walivyovaa, barabarani. Aliyeambiwa ukweli akakubali huwa wa kwanza kumzuia mgeni asiyejulikana.

Kwa tukio gani, njia gani

Kwa onyesho la filamu au sanaa, kamati yenye fomu fupi inatosha. Out Film Festival ilianza Nairobi mwaka 2011 katika ukumbi wa Goethe-Institut, kituo cha utamaduni cha Ujerumani, ndani ya taasisi yenye taratibu zake, na mtu anaweza kuingia gizani na kutoka gizani. Ongeza tu mazungumzo na viziwi kuhusu maandishi ya chini ya picha.

Kwa sherehe ya usiku, nenda kwa wanawake na kwa waliobadili jinsia kwanza, katika vikundi vidogo, kisha kwa kamati. Maswali yao ni ya choo, ya pombe, ya nani anasimama mlangoni, ya gari la kurudi. Kampala walivamiwa na polisi tarehe 4 Agosti 2016 wakiwa katikati ya shindano la Pride ndani ya klabu; watu walipigwa, mmoja akaruka kutoka ghorofani. Kwa hiyo swali la mlango wa pili uko wapi liulizwe mapema, tena liulizwe na watakaoutumia.

Pikiniki ya mchana ndiyo naipenda kuliko zote kwa mji huu, kwa sababu mtu huja na mtoto wake, nauli ya mchana ni nafuu, na kundi la watu wanaokula chapati kwenye nyasi halimshtui mtu. Vikundi vidogo vinatosha hapa, baraza si lazima. Mkubaliane tu mapema kama bendera itakuwepo. Sehemu nyingine watu watasema ndiyo kwa furaha, kwingine watasema wanaitaka siku moja ya kupumzika bila kuwa alama ya kitu chochote.

Kwa maandamano ya barabarani usiruke hatua: vikundi vidogo, kisha baraza moja, kisha kamati na mawakili, kisha taarifa kwa OCS. Baraza hilo lipige kura ya siri, kwa karatasi. Na aliyekubali kuandika jina lake kwenye taarifa apewe haki ya kujiondoa hadi dakika ya mwisho bila kulaumiwa, hata kama maana yake ni kuahirisha kila kitu.

Na kama umechelewa, zimebaki wiki mbili na bajeti ni ndogo? Acha baraza, acha fomu. Chukua nauli uliyopanga kwa baraza, nenda sebule nne: ya wakimbizi, ya wanawake, ya waliobadili jinsia, na moja ya Eastlands iliyo mbali zaidi na ofisi yenu. Uliza mahali, saa, picha, na namna ya kurudi nyumbani. Andika majibu bila majina. Halafu kabla ya bango kutoka, wapigie wenyeji wanne uwaeleze lipi limechukuliwa, lipi limeachwa na kwa sababu gani, na uwape siku mbili za kukuambia kama kuna lisilowezekana kwao.